Doa Lisilotoa Povu

Mshonaji alikuwa ameketi ndani ya basi, pini zimemjaa kwenye ukosi, na haja yake ilikuwa kusinzia tu. Lakini bwana mmoja aliyesimama mbele yake alikataa katakata kukaa, eti kiti kina doa jekundu.

"Kaka yangu, mimi ni dobi wa hospitali," akasema mama aliyeketi dirishani kando ya kiti hicho, ambaye hakumjua hata kidogo. "Damu ikikauka huwa ya kahawia. Hiyo ni rangi ya kucha. Kaa!"

Bwana akatoa mfukoni kichupa cha haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya vidonda. "Kama ni damu, itatoa povu." Akadondosha matone mawili. Wakakikodolea macho kiti kwa vituo viwili. Doa likakaa kimya kama halihusiki.

"Haya, umeridhika?"

"Labda dawa imeisha nguvu, mama. Niliinunua zamani."

"Ee Mungu, nipe subira!" Dobi akageuka nyuma. "Mwanangu, hebu mpe pini huyu ajichome, aijaribu dawa yake, tupumzike."

Mshonaji akachomoa pini, mradi apate usingizi wake. Bwana akaiosha kwa dawa mara nne, akajichoma kidole, akakidondoshea dawa. Povu jeupe likatoka. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu apande. "Inafanya kazi! Basi kiti ni kisafi."

Kidole kikadondosha tone la damu juu ya kiti.

Basi likasimama. Abiria mpya akapanda, akakiinamia kiti. "Jamani, hii si damu?"

"Sasa ndiyo," dobi akajibu, macho yake dirishani.