Kitufe cha Kiwolof Kinachorudi Kifaransa

Benchi letu liko nyuma ya karakana ya reli, hapa mjini Thiès, kwa Astou muuza kahawa ya Touba, ile yenye viungo. Asubuhi hiyo nilikaa na kompyuta mapajani, nimeinamisha uso. Tovuti ya kuomba vibanda vya soko jipya niliijenga mimi, na maombi yanafungwa saa sita mchana. Ukiifungua kwa Kifaransa, mteremko. Ukichagua Kiwolof, ukurasa wa kwanza unakuja vizuri, halafu ukibonyeza “endelea” unatupwa Kifaransa. Na wiki nzima nilikuwa nikijisifu hapo hapo benchini!

— Ni vumbi la jangwani, — akasema Waziri, fundi cherehani asiyeishiwa hotuba. — Kifaransa kimelizoea, Kiwolof kinapaliwa.

— Hebu nyamaza, — akadakia Mzee Reli, mstaafu wa treni. — Kijana, mashine inajuaje lugha?

— Kwenye anwani ya ukurasa, mzee. “fr” Kifaransa, “wo” Kiwolof. Isipowekwa kitu, inakwenda Kifaransa.

— Basi kuna Mfaransa kajificha humo! — Waziri akaruka. — Kwenye kompyuta Kiwolof ni kuku mgeni, hakosi kamba mguuni.

— Mgeni? Hapa Thiès?

— Methali haichagui mji, mzee.

— Kijana, hicho kitufe chako umekiwekea “wo”?

Nikaangalia. Sikukiwekea. Anwani za vitufe vyote nilizichapa kwa mkono, bila lugha yoyote. Masikio yakaniwaka kwa aibu. Nikaanza kurekebisha haraka haraka.

Nilipomaliza tu akaja Adja Sokhna, muuza samaki, simu mkononi. Kusoma amejifunza ukubwani, kwa Kiwolof, darasa la jioni.

— Wewe ndiye mwenye tovuti? Tangu jana najaribu, naletewa maandishi nisiyoyajua. Nikasema kumbe sijui kusoma. Kitabu nimeshamrudishia mwalimu.

— Nisamehe, mama. Kosa ni langu. Jaribu sasa.

Akabonyeza. Akasoma polepole, kwa sauti, akajaza, akatuma. Ombi likapokelewa. Hakutabasamu. Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

— Mwanangu, mbona Kiwolof unakiongea vizuri tu. Kabla ya kutupatia sisi, wewe uliijaribu kwa lugha gani?

Mzee Reli akakohoa. Waziri akainamia kikombe chake. Wote walikuwa wakinisubiri mimi.

— Kwa Kifaransa tu, mama.