Mafuta Ndani ya Bomba la Mkia

Mkabala na geti la karakana ya ndege ndogo kuna benchi, na hakuna jambo duniani ambalo wanaolikalia hawajalitolea hukumu. Kinyozi wanamwita Profesa, kwa ajili ya miwani tu. Mziba pancha ni Redio, maana hazimiki. Kahawa ni ya Mama Birika. Asubuhi hiyo Cheche, mchomeleaji mzee, alishika kikombe bila kunywa. Wiki iliyopita, akiwa amebakiza siku chache astaafu, alijipeleka mwenyewe kwa mkaguzi: likateni bomba la mkia la ndege ya wagonjwa, nililichomelea miaka kumi na tisa iliyopita na sikulitia mafuta. Sasa walikuwa wanalikata.

— Lakini bomba limezibwa huku na huku, alisema Redio. Kutu inapitia wapi?

— Inazaliwa humohumo, alijibu Cheche. Hewa uliyoifungia ndani ina unyevu. Ndege ikipanda kwenye baridi, unyevu unageuka matone, matone yanateremkia mkiani. Ndiyo maana tunatoboa kitundu, tunamimina mafuta ya moto ya mbegu za kitani, tunaigeuzageuza fremu, mifupa ya ndege, mpaka yashike kila kona. Yanayobaki tunayamwaga, kitundu tunakiziba kwa skrubu.

— Mimi nasema ni kelele za injini, alisema Profesa. Chuma kikikosa usingizi kinachoka, kikichoka kinaota kutu.

— Acha uongo! Ni mawingu. Mawingu yana chumvi.

— Chumvi ya nani, Redio?

— Ya baharini, imepanda na mvuke. Ndege ikipita inailamba. Waruke chini ya mawingu, basi, kwisha kazi.

— Bora wafuge sisimizi mle ndani. Unawapaka mafuta miguuni, wanatembea.

— Na wakizaana?

— Si ndiyo vizuri? Mafundi wameongezeka.

— Nyie! Mama Birika aligonga birika kwa kijiko. Mwenzenu hata kupumua hawezi. Kwani ulisahauje, kaka yangu?

Cheche aliinamia kikombe chake.

— Mafuta yalikuwa yanachemka kwenye jiko la karakana. Wifi yako akashikwa na uchungu, nikatupa glavu, nikakimbia. Narudi siku ya nne, fremu imeshavishwa kitambaa na kupakwa rangi. Nikaona haya kusema. Tangu hapo, kila ikiruka na mgonjwa, moyo wangu haukai mpaka itue.

Redio alisogea karibu naye kwenye benchi.

Geti lilifunguka. Mkaguzi, mwanamke mrefu mwenye ovaroli, alikuja na kipande cha bomba kilichopasuliwa katikati. Cheche alisimama, kahawa ikammwagikia viatuni.

— Shikamoo, fundi.

— Marahaba. Niambie tu, mwanangu.

Mkaguzi alimpa kipande. Cheche alipitisha kidole ndani. Ndani kulikuwa laini. Utando wa rangi ya asali ulikuwa umeshika chuma chote, wala punje ya kutu haikuwepo. Akakinusa kile kidole. Ni mafuta ya kitani, hakuna mengine. Akakaa, akalia mbele za watu bila kujali.

— Umesahau kwamba ulitia! alisema Profesa.

— Sikutia. Skrubu hii iliyozibia si yangu, mimi siku zote nilikuwa natumia za kichwa bapa.

Mkaguzi alitoa fomu na kalamu.

— Hapa wanataka jina la aliyetia mafuta. Nimwandike nani?

Redio alimgeukia Profesa. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Cheche mwenyewe hakujua. Siku zile karakana ilikuwa na watu sita, yeye akiwemo. Watatu walishazikwa, wawili walihama, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumgusia. Mtu aliiona sufuria ikichemka, akaimaliza kazi ya mwenzake, akanyamaza miaka yote hiyo.

— Asanteni, jamani, alisema Cheche, akilitazama geti kana kwamba wamesimama pale wote. Mmenibeba mie, na wagonjwa wangapi sijui.

— Fundi, hapa siwezi kuacha pengo.

Cheche akamtajia majina matano, taratibu, mpaka la mama mfagiaji aliyekuwa akiwapashia mafuta. Mkaguzi aliandika, kisha akainua kalamu.

— Na lako?

— Langu usiandike.