Mfano wa "Persevere"

Katika basi dogo la kutoka Keshero, dada mmoja aliyekuwa anaenda kufanya mtihani wa kazi ya ukalimani alimgeukia muzee wa pembeni. "Papa, kwa Kiingereza 'persevere' ni kuendelea hata kama ni ngumu. Watataka mfano, na mimi sina." Mimi, abiria wa nyuma yao niliyejiita msomi kwa kuwa nililala bweni la shule, siku zote nilidhani maana yake ni mahari. Nikaheshimu elimu yake, nikatega sikio.

"Kule Kibumba nilipanda viazi mara tatu," muzee akasema. "Mara tatu vita ikanikimbiza. Leo naenda kununua mbegu tena."

"Basi mfano ni wewe, papa!"

"Hapana, mwanangu. Neno lako ni la mutu anayeweza kuacha. Mimi nikiacha, watoto watakula nini?"

"Si ungefanya biashara huku mujini?"

"Niliuza makaa miezi mine. Kila usiku naota viazi."

"Kumbe uliweza kuacha, ukakataa!"

Basi likasimama, dada akashuka, akainama dirishani. "Papa, niwaambie watahini habari yako?"

"Waambie habari ya viazi," akasema. "Jina la kuiita watafute wenyewe."