Sylus Mwabili, Aliyemshusha Mama Yake Kigarini

Sylus Mwabili Kilambo alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 hapa Chawia, katika boma hili hili mlimoketi leo, mtoto wa pili wa marehemu Ronald Kilambo na Tryphena Mghoi. Mvua ilikuwa imekata njia ya juu, na mkunga alipofika alikuta mtoto ameshazaliwa na ameshaoshwa. Akauliza ni nani aliyesaidia. Mama yake akamjibu, "Mwenyewe alikuwa na haraka." Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho Sylus kuwa na haraka.

Mwaka 1993 alianza shule ya msingi hapa Chawia. Kichwa chake hakikuwa cha hesabu, na hakuna haja ya kudanganya mbele ya jeneza. Lakini mwalimu alimpa kazi ya kulinda mlango wa darasa, na hiyo kazi aliiweza. Siku moja akamfungia nje kaka yake Titus, aliyechelewa akila miwa njiani. Titus akachapwa. Jioni walipigana mpaka wakaharibu kabeji za jirani, na Sylus, pua ikivuja damu, hakuwa na neno lingine ila moja: "Kengele ilikuwa imelia." Alikwenda sekondari Bura, akatoka kidato cha pili mwaka 2002 baba yake alipofariki. Hakulalamika. Alishika jembe.

Baadaye aliteremka Voi kutafuta kazi. Huko ndiko alikomwona Carolyne Mwende akiuza nyanya sokoni, akawa mtu wa kula nyanya kila siku. Walifunga ndoa kanisani tarehe 8 Desemba 2012. Mama yake alikuwa amemchagulia msichana wa Mghange, na siku ya harusi alikataa kula.  Mwende alifunga pilau kwenye sufuria, akaibeba mwenyewe mpaka Chawia, akaiweka mezani, akaondoka. Pilau ilikuwa tamu. Hayo yameisha. Mungu aliwajalia watoto wawili, Shanice na Ronald.

Reli mpya ilipojengwa, mwaka 2014, Sylus alipata kazi ya kushika kibao cha kusimamisha magari kwenye barabara ya Mombasa. Madereva wa malori walimtusi matusi ya bandarini, yeye akawapungia mkono. Kazi hiyo ilipokwisha, mwaka 2017, alichukuliwa na mtaa mmoja wa nyumba za kitajiri ufuoni, pwani ya kusini. Mtaa huo una jina, lakini halitatajwa kaburini kwake.

Watu wa mtaa ule hawatembei kwa miguu, hata kwenda kuogelea. Wanapanda vigari vya gofu, vile visivyo na milango, vinavyotumia betri kama redio. Sylus alikuwa msimamizi wa barabara zao. Sheria waliziandika wenye nyumba wenyewe: mwendo uwe wa polepole, mtoto asiendeshe, watu wasizidi viti. Mvunja sheria alinyang'anywa ufunguo, akatembea mpaka nyumbani. Na kwa kuwa kigari hakina sauti, hakisikiki kikija, Sylus alipewa filimbi. Watoto wa wavuvi na akina mama wauza madafu, ambao njia yao inakatiza pale, waliisikia filimbi hiyo wakakaa kando.

Mama yake alimtembelea mara moja, na gunia la kabeji. Wafanyakazi wa jikoni wakamhurumia, wakamkalisha nyuma ya kigari, juu ya gunia lake. Hawakufika mbali. Filimbi ikalia, na Sylus akatokea, amenyoosha shati.

"Mama, shuka."

"Mimi?"

"Viti ni vinne. Wewe ni wa tano."

"Nilikubeba mgongoni mpaka Bura na hakuna aliyenihesabia viti."

"Najua, Mama. Shuka."

Alishuka. Sylus akajitwika lile gunia, wakatembea wote wawili juani, mama mbele, hamsemeshi. Usiku ule mama alikataa chai. Sylus hakuomba msamaha, kwa maana hakuwa na kosa, lakini alileta maji katika kikombe, akapiga goti. Watu wa Taita wanajua maana yake. Hasira ya mzazi ikikaa moyoni huwaka yenyewe, hata mzazi asipotaka, ikaunguza watoto. Dawa yake ni kutasa. Mwenye hasira anapiga funda la maji, anasema wazi kilichomuuma, hafichi hata nusu, kisha anayatema chini na moyo unapoa. Mama yake akasema, "Umenishusha mbele ya wapishi." Akatema. Wakala samaki.

Mchungaji ametuomba mambo ya zamani tuyaache nje ya geti leo. Tumemsikia. Maji ni ya Mungu.

Mwaka huu, 2025, Sylus alianza kumsimamisha Abby, msichana wa miaka kumi na tatu, aliyekuwa akiendesha kigari cha baba yake. Baba huyo ni Bwana Muasya, mwenyekiti wa kamati ya wenye nyumba. Sylus alichukua ufunguo, mwenyekiti akarudishiwa. Akachukua tena. Mara hiyo Bwana Muasya alimwendea mbele ya walinzi wenzake. Akamwambia, "Wewe ni askari wa geti, si polisi. Na hiyo filimbi inatunyima usingizi wa mchana." Wakamnyang'anya filimbi, wakampeleka kulinda geti la nyuma, ambapo barabara inateremka kwenda mchangani. Usiku huo alimpigia mama yake simu, akasema kitu kimoja tu: sasa hawatasikia kikija.

Jumamosi tarehe 16 Agosti, saa kumi alasiri, mama mmoja muuza madafu, aitwaye Gertrude, alikuwa akivuka pale getini na mzigo kichwani, ameligeuzia teremko mgongo. Kigari kikaja. Sylus aliinua mkono. Hakikusimama. Alipaza sauti, lakini upepo wa bahari ulikuwa unavuma na Gertrude hakugeuka. Basi Sylus akaingia barabarani na mwili wake, akamsukuma Gertrude kando, na kigari kikampata yeye nyongani. Gertrude yuko hapa leo, mzima.

Kamati ikasema marehemu aliacha lindo lake akajitupa mbele ya kigari kwa uzembe. Bwana Muasya akasema aliyekuwa akiendesha ni yeye mwenyewe, mtu mzima mwenye leseni, na kwamba alikuwa mwendo wa polepole.

Sylus alitibiwa pwani, kisha akaletwa Voi awe karibu na mkewe. Mfupa wa nyonga ulikataa kuunga, kidonda kikaingia usaha. Bwana Muasya alikuja hospitali na matunda, pamoja na binti yake. Simu yake ilipolia akatoka nje, na mtoto akabaki na mgonjwa na mama wa mgonjwa. Ndipo Abby akasema, kwa sauti ndogo, akitazama sakafu:

"Bibi, si Baba. Ni mimi nilikuwa naendesha. Ameniambia nisiseme."

 Sylus ndiye aliyemjibu. Alimuuliza, "Mkono wangu uliuona?"

"Niliuona. Nilikuwa nakimbia sana, hakikushika breki."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Getini. Pale pale."

"Haya. Umeshuka," Sylus akamwambia. "Sasa baba yako ndiye bado."

Alifariki Alhamisi tarehe 2 Oktoba, saa kumi na moja alfajiri, Mwende akiwa amemshika mkono.

Bwana Muasya amepiga simu kwamba leo atakuja kutoa pole. Abby naye amemwomba Mwende kwamba maneno yake ya hospitali yaandikwe hapa, na yameandikwa. Vijana wa ukoo wamesikia kuhusu ujio huo, na tangu jana kuna mawe yamekusanywa kwenye kona ya barabara ya kupanda Chawia. Titus, wewe unayesoma, usiruke hapa. Mawe hayo ni yako. Ndugu yako alikufa akifungulia watu njia, na hatazikwa huku umewafungia. Simamisha kusoma, tuma watu wakayaondoe, kisha urudi kwenye mstari huu. Tutangoja.

Wakati haya yanasomwa, mama amesimama hapa na kikombe cha maji. Kilichomuuma kimesemwa chote, hakuna nusu iliyofichwa. Funda la kwanza ni la Abby. Mtoto alikosea na akasema kweli, wala hakulazimishwa. Hasira juu yake inatemwa sasa hivi, mbele ya mashahidi, ilowe ndani ya udongo huu, aende akakue, asome, alale usingizi.

Yaliyobaki kikombeni ni ya Bwana Muasya. Mwende amemsihi mama ayateme yote leo, kwa kuwaogopea watoto wake. Mama amempenda kwa hilo, lakini kutasa hakufanywi juu ya uongo. Hapadaiwi pesa, hapadaiwi ng'ombe. Bwana Muasya aseme mambo mawili: nani aliyekuwa akiendesha, na Sylus alikuwa amesimama wapi. Kama yuko uwanjani, asimame aseme, hakuna mtu atakayemgusa. Kama hawezi leo, kikombe kitakaa kwenye kabati la boma hili, kimefunikwa, na maji yakikauka yatawekwa mengine. Mama ana miaka sabini na minne na hana haraka.

Sylus ameacha mama, Tryphena Mghoi. Mke, Carolyne Mwende. Watoto, Shanice na Ronald. Kaka, Titus, na familia yake. Ameacha pia Gertrude, ambaye si ndugu lakini tangu Agosti amekuwa wetu. Mtoto mmoja wa Titus amefika na filimbi mpya, lakini jeneza halitateremshwa kwa filimbi. Litateremshwa polepole, kwa mwendo alioupenda mwenyewe.

Mwanangu, ulinishusha nikashuka. Leo zamu ni yako. Shuka salama, upumzike.