Feni Iliyozimwa

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Usitikise, naye akacheka tu.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1961, kifungua mimba wa fundi saa na mshonaji, akasoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1986 akahitimu kemia chuo kikuu, ambako aliajiriwa na kufundisha hadi alipougua.

Kazi yake ilikuwa benzini, si ile ya magari, bali ya maabara, ambayo molekuli yake ni pete ya kaboni sita, na kwa jinsi pete hiyo ilivyo sawa pande zote, kuna mwanga ambao elektroni zake hazikupaswa kuupokea, ila pete inapotetemeka na kupinda kidogo, mlango unafunguka na mwanga unaingia. Dada aliuandama mtetemo huo maisha yake yote, na kwa kuwa feni ya kutoa mvuke ilitikisa meza ya vipimo, alikuwa akiizima, anafunga na madirisha, anamwambia kila aingiaye, "Usitikise," anashinda humo na mvuke wake, na ukimwambia mvuke huo ni sumu, hasikii la mtu.

Alifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1992 na mwalimu wa muziki, shemeji yetu aliyetutangulia, wakajaliwa binti mmoja, ambaye naye anasoma kemia.

Mwaka juzi alianza kuishiwa damu, madaktari wakakuta saratani ya damu, wakaulizia mvuke ule, naye hakubisha. Wodini alikuwa akibandika kiganja ukutani na kunong'ona, "Inatetemeka, zimeni," na hakuna kilichokuwa kimewashwa. Alifariki Jumanne asubuhi, na tangu hapo kila nikikaa mezani najikuta nimebandika kiganja, nasikilizia, na sifichi, naogopa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi, na wenzake wa chuo, walionipa ufunguo wa maabara jana nikachukue koti lake la kazi. Nilikuta mlango umeshafunguliwa, feni imezimwa, koti limevaliwa, na binti yetu ameinamia meza ya mama yake, akaniambia bila kugeuka, "Mjomba, usitikise."

Mwanangu, nalisema hili mbele za watu ili usinikatalie: washa feni, fungua madirisha, na vipimo vikiharibika, acha viharibike.

Pumzika kwa amani, dada, na huyu tuachie.