Bi. Gathoni, Sura ya Saratani Kumi na Tisa

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, Bi. Gathoni Mwai anastaafu baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Habari za Saratani, hapa Nyeri, kwa miaka thelathini na mmoja. Aliajiriwa kuwa karani wa masjala. Anaondoka akiwa, kwa mujibu wa tovuti yetu, mgonjwa wa saratani kumi na tisa, ikiwemo ya tezi dume. Afya yake ni njema kabisa.

Tovuti ilipozinduliwa mwaka 2021, wagonjwa wote pichani walikuwa Wazungu, mmoja akiwa amesimama kwenye theluji. Kina mama waliofika masjala walimweleza Bi. Gathoni bila wasiwasi: "Hii ugonjwa ni ya wazungu, karani. Sisi tuko na pressure." Ukurasa wa matiti ulionya kwamba ngozi hugeuka nyekundu. Yeye akauliza, ngozi ya nani?

Mwandishi wa makala haya, wakati huo akiwa na shahada yenye umri wa miezi minne, aliandaa waraka wa kurasa kumi na mbili kuhusu siasa za uwakilishi. Bi. Gathoni aliusoma wote, akautia kwenye faili, kisha akataka kujua ni nani atakayepigwa picha. Hakuna aliyekubali kuonekana na ugonjwa huo. Basi akavua sweta, akaketi, akapigwa picha ishirini, kila moja na kilemba chake.

Dkt. Munene alipinga vikali picha ya tezi dume. Bi. Gathoni alimjibu kwamba mwanamume akianza kuamka mara tano kwa usiku, anayehesabu ni mke. Picha ikabaki. Kisha akaja Bi. Kusum, muuza vitambaa, akilalamika kwamba Wahindi wamebaguliwa, hawakupewa hata ugonjwa mmoja. Alikabidhiwa ule wa kinywa siku hiyo hiyo, akaenda zake ameridhika.

Machi 2023 habari zilifika Mukurweini kwamba karani anakufa kwa kila kitu. Kina mama arobaini na sita wa kanisa walikuja kumuaga wakiwa na ndizi, maziwa, na nyimbo ambazo, tuseme kweli, hazikuwa za kumtakia mtu kupona. Uongozi uliagiza taarifa ya kukanusha, na mwandishi akaiandika. Bi. Gathoni aliomba ingoje watu wanywe chai. Kisha akawatangazia wageni kwamba haombewi na mtu ambaye hajapimwa.

Walipanga foleni, wengine wakinung'unika kwamba mgonjwa ana masharti mengi, wakaingia mmoja mmoja chumbani kwa muuguzi Wendy. Mmoja wao, mkulima aitwaye Beth, alikutwa na uvimbe titini, mdogo kama punje ya kahawa. Alikuwa ameusoma ukurasa wetu wa zamani, akakaa mwaka mzima akingoja ngozi yake igeuke nyekundu. Alitibiwa, akapona.

Wapo wenzetu wanaoshikilia kwamba wageni wale walidanganywa. Nawapinga. Bi. Gathoni hakusema anaumwa. Alikataa tu kusema haumwi kabla ya chai.

Mwezi uliopita iligunduliwa kwamba kanuni zetu zinaruhusu picha za kununua mtandaoni, za watumishi na za wanaojitolea pekee. Mstaafu hahesabiwi. Ikaamriwa kwamba baada ya siku yake ya mwisho, Wazungu wa theluji warudishwe. Bi. Gathoni alichapa fomu za kujitolea, akapanda gari kwenda Mukurweini.

Jumanne iliyopita kina mama wale walijaa uani, na safari hii hawakuimba. Kumi na wanane kati yao walijaza fomu, kila mmoja akachagua ugonjwa wake. Wawili waligombania tumbo hadi ikabidi waamuliwe, na ini likabaki bila mtu mpaka saa nane. Gicheru, mume wa Beth, alichukua tezi dume, hivyo Dkt. Munene hatimaye amepata mwanamume. Ukurasa wa matiti haukugombaniwa. Walimpisha Beth, akaketi, akafungua vifungo viwili, akamwelekeza mpiga picha pa kulenga.

Bi. Gathoni, asante kwa miaka yote hiyo. Kuanzia Jumamosi huna ugonjwa hata mmoja. Nenda Naro Moru kwenye viazi vyako, nasi tunakuombea ubaki hivyo hivyo.