Fundi Kiganja na Nundu ya Ukutani

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, karakana yetu itamuaga fundi aliyeitumikia kwa miaka thelathini na mmoja. Alianza kama mbeba bodi za jipsamu, akapanda hadi kuwa msimamizi wa ukarabati wa majumbani. Jina lake halisi analijua mhasibu. Sisi wengine tunamwita Fundi Kiganja.

Jina hilo alilipata kwa kutoyaamini macho. Puti, ule uji mzito wa kuzibia, ikishakauka kwenye maungio ya bodi na msasa ukishapita, yeye hufumba macho na kutelezesha kiganja ukutani polepole, kama anayempapasa mtoto mwenye homa. Kikikwaruzwa hata kidogo, hutamka hukumu tunayoiogopa sote: "Unaongea huu." Hapo unachanganya puti upya, hata kama ulishafunga mkoba wako. Sifa yake kubwa kuliko zote ni maneno mawili tu: "Ukuta umenyamaza."

Wahenga walituachia usemi kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kiganja aliongeza kipande chake: na ukiuziba vibaya, utaniita mimi. Waliomwita ni wengi. Yupo bwana harusi aliyetoboa ukuta wa sebule kwa kona ya kabati, wakwe wakiwa njiani. Siku ya ugeni baba mkwe aliegemea kiraka chenyewe mchana kutwa, akisifu jinsi siku hizi watu wanavyojenga.

Lakini kazi inayotufanya tumstaajabie hadi leo ni ile ambayo ukuta wake ulinyamaza kupita kiasi.

Dereva mmoja wa lori alituita baada ya bomba kupasuka na kulowesha bodi za ujia wa nyumba yake. Karibu na mlango wa bafu palikuwa na nundu, kosa la fundi wa zamani aliyerundika puti juu ya mkanda wa kufunikia maungio na kwenda zake. Kiganja alibadilisha bodi, akafunika maungio, akapaka, akasugua, akapaka tena. Ujia ukawa laini kama ganda la yai. Familia ilipiga makofi.

Wiki haijaisha, dereva akarudi karakanani, amejaa haya. Mama yake alikuwa amepoteza macho zamani, na kwa miaka yote hiyo alikwenda bafuni peke yake, mkono ukutani, hadi kwenye ile nundu. Sasa alikuwa akiingia stoo na kujigonga kwenye mapipa. Mama ambaye hakuwahi kumwomba mtu amshike mkono alikuwa ameacha kutoka chumbani. Alikuwa amemwambia mwanawe neno moja: "Mmenihamisha nyumba bila kuniarifu."

Aliyewahi kuhamishwa hahitaji kufasiriwa maneno hayo. Kiganja alichukua mkoba wake.

Mtu aliyetumia umri wake kuondoa nundu alipiga magoti mbele ya ukuta wake mzuri, akaanza kutengeneza moja. Yule mama, bibi wa nyumba, alisimama nyuma yake akisimamia kwa vidole. Si hapo, baba, shuka kidogo. Hiyo imenona mno, yangu ilikuwa na pua. Kiganja akakwangua, akaongeza, akasubiri ikauke, akarudi kesho yake na msasa. Sisi tuliokuwapo hatukuthubutu kucheka. Mwishowe bibi alipitisha kidole, akatabasamu, akasema, "Ndiyo hii. Inaongea." Akageuka, akatembea ujia mzima na kurudi, akaingia bafuni na kufunga mlango. Kutoka ndani tukasikia: "Sasa nendeni zenu, wanangu, nataka kuoga."

Tangu siku hiyo hakuna fundi wetu anayegusa ukuta wa nyumba ya mtu kabla ya kuuliza: nani huutumia huu, na kwa nini? Swali hilo ndilo urithi anaotuachia, pamoja na mwiko wake wa chuma uliolika hadi kuwa mwembamba kama jani.

Bibi yule yu hai. Aliposikia habari za kustaafu alimtuma mwanawe na salamu mbili: asante kwa Kiganja, na onyo kwa atakayemrithi, asije akaisawazisha nundu yake.

Ahsante, Fundi Kiganja. Pumzika kwa afya na furaha katikati ya watu wako, na kila utakaponyoosha mkono gizani, ukuta ukujue.